Mbona shawarma hapo Westlands mmoja anaisifu na mwingine analia?

Umeuliza kuhusu ile hoteli ya Kilebanoni ya Westlands, ati nusu ya watu wanasema ni tamu ajabu na nusu wanasema ni wizi, ujue nani mkweli. Mimi nafanya kazi karibu na hapo na nakula hivi vitu karibu kila wiki, wote ni wakweli, tofauti ni saa waliyoenda.

Ile nyama ya shawarma imepangwa kwa chuma wima inazunguka mbele ya moto, na inayoiva ni ya nje tu, ndio maana jamaa anaikata nyembamba nyembamba akishuka na kisu. Saa saba watu wa ofisi wakijaa, ikikatwa inaenda mkateni moja kwa moja, kingo zimekauka kiasi na mafuta bado yanachuruzika. Sasa enda saa kumi uone, meza ziko tupu, nyama ilikatwa kitambo iko kwa trei, oda ikiingia inapashwa tu na unaletewa kitu kigumu kama mpira, na bei ni ile ile manze.

Falafel nayo, vile vidonge vya dengu vya kukaangwa, iangalie ndani. Inatakiwa dengu (chickpeas, si ndengu za kijani) zilowekwe usiku zisagwe mbichi na dania, zikaangwe ukiwa umeshaagiza, ukivunja unaona kijani na mvuke. Ikiwa kahawia mpaka katikati na inakukwama kooni, hiyo ilikaangwa asubuhi. Kuna siku nilimuuliza weita, dada, falafel ni za saa hii? Akageuka akaangalia jikoni, akarudi akaniambia polepole, "wewe chukua kuku." Huyo nilimwachia tip ya maana.

Hummus ni dengu za kuchemshwa, ufuta uliosagwa, ndimu na kitunguu saumu, basi. Ufuta ndio ghali, kwa hivyo wengine wanaupunguza wanakujazia kitunguu saumu, unarudi mkutanoni ukiongea umefunika mdomo.

Halafu kuna yule analia ati chakula ni kidogo. Si alienda peke yake akaagiza hummus na mkate! Hivyo visahani ni vya kuwekwa katikati watu wanne wakichovya pamoja, ukitaka kushiba solo agiza sahani ya wali na nyama, hiyo hata utabeba nyingine nyumbani.

Kuagiza na boda sipendi. Jam ya Waiyaki Way unaijua, mpaka ifike South B mkate umelowa, chips zimelegea ndani ya foili. Kama ni lazima, waambie sosi waweke kando, na chips pia.

Bili pia soma maandishi madogo chini ya menyu kabla hujaagiza, kuna mahali bei tayari ina VAT ya 16% na ile levi ya utalii ya 2%, na kuna mahali zinaongezwa mwisho pamoja na sevis chaji, hapo ndio watu wanapigia kelele weita wa wenyewe na si yeye aliyepanga.

Ijumaa ukienda fika kabla watu hawajatoka msikitini, baada ya hapo laini inafika barabarani, lakini pia nyama siku hiyo haipati nafasi ya kukaa kwa trei.