Pikapu Kubwa Inakula Mafuta Kiasi Gani? Pima Mwenyewe

Anayetaka kununua pikapu kubwa, ya daraja la Ford F-150, Ram 1500 au Chevrolet Silverado, huonyeshwa takwimu ya ulaji wa mafuta iliyobandikwa kwenye kioo. Takwimu hiyo si ya uongo. Nchini Marekani hupatikana maabara, magurudumu yakizunguka juu ya rola, na tangu magari ya mwaka 2008 huzingatia pia mwendo kasi, kiyoyozi na hali ya baridi. Lakini tela halimo, wala matairi makubwa utakayofunga baadaye. Ndiyo maana naamini pampu zaidi.

Jaza tangi hadi mkono wa pampu ujikate wenyewe, usiongeze hata kidogo, kisha urudishe mita ya safari kwenye sifuri. Tangi likikaribia kwisha, rudi kwenye pampu ileile, gari likae vilevile, ujaze tena. Ukiweka lita 84 baada ya kilomita 600, umetumia lita 14 kwa kila kilomita 100. Rudia mara kadhaa uchukue wastani, kwa sababu pampu haijikati mahali pamoja kila siku. Kompyuta ya dashibodi ya gari langu husoma chini ya pampu, nami nimezoea kuitumia kulinganisha safari na safari tu.

Matairi ndiyo huwapoteza wengi. Tairi lenye kipenyo kilichozidi cha awali kwa asilimia 5 husogeza gari mbali zaidi kwa kila mzunguko, na mita isiporekebishwa, kilomita 630 zitasomeka 600. Zile lita 84 kwa kweli ni 13.3 kwa kilomita 100. Hakiki umbali kwa GPS kabla ya kulaumu injini, ingawa ni kweli pia kwamba matairi mazito yenye meno makubwa huongeza ulaji.

Mjini kinachokula mafuta ni uzito, kwa kuwa kila ukifunga breki unapoteza nguvu uliyoilipia, hivyo shusha vyuma usivyovihitaji. Kwenye barabara kuu adui ni hewa. Ukitoka kilomita 100 kwa saa kwenda 120, nguvu ya hewa inayokupinga huongezeka kwa asilimia 44, na uso wa pikapu ni mpana mno. Kwa sababu hiyohiyo, tela jepesi lenye kimo cha nyumba, barabara ikiwa tambarare, linaweza kukugharimu kuliko tela la chini lililojaa matofali.

Kuhusu injini, V6 (ya silinda sita) ndogo yenye tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, huokoa mafuta gari likiwa tupu. Ikivuta mzigo mzito, tabo husukuma hewa zaidi, mafuta nayo huongezwa ipasavyo, na tofauti yake na V8, ya silinda nane, hupungua sana. Anayevuta tela kila wiki atafute mmiliki anayevuta tela kama lake, amwombe hesabu zake za pampu.