Kwa mnaoanza ukaguzi wa ndani: msiiachie mashine kazi yenu

Siku stoo itakapopungukiwa na mali, bosi atawauliza kwa nini msilete mashine ya kupima uongo mambo yaishe. Jiandaeni na jibu mapema.

Mashine hiyo haipimi uongo. Mtu huzungushiwa mirija kifuani, hufungwa mkanda wa presha mkononi na kubandikwa vifaa vidoleni. Kinachosomwa ni pumzi, mapigo ya moyo na jasho. Mtunza stoo anayeogopa kufukuzwa atatoka jasho hata akisema kweli tupu. Aldrich Ames, ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliyewauzia Wasovieti siri, alipimwa mwaka 1986 na tena 1991, akapita. Wenzake walianza kumnasa walipoweka tarehe alizokutana na mwanadiplomasia wa Kisovieti sambamba na tarehe alizoingiza fedha benki. Huo ni usuluhishi wa hesabu, kazi mnayoijua.

Halafu pigeni hesabu ya watu wengi. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa mfano wa wafanyakazi 10,000 wenye majasusi 10 ndani yao. Ukiikaza mashine inase 8, itawaangusha pia watu wasio na hatia karibu 1,600. Mkurugenzi akiambiwa hivyo, hunyamaza. Sheria ya Marekani ya 1988 imewakataza waajiri wengi wa sekta binafsi kuwapima wafanyakazi wao.

Na kama siku moja itatengenezwa isiyokosea? Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Watakaokalishwa kwanza ni mlinzi, keshia na dereva, wale wasioweza kusema hapana. Anayesaini zabuni hatakiona kiti hicho. Na maswali hayatabaki kwenye mali iliyopotea. Leo mfanyakazi ataulizwa kuhusu mafuta ya gari, kesho kama ana mimba, kama ana ugonjwa, kama ndiye anayewashawishi wenzake wajiunge na chama cha wafanyakazi. Siri ambayo mtu ana haki ya kukaa nayo itakuwa mali ya mwajiri.

Kwa hiyo, mashine ikiletwa hata hivyo, daini maswali yaandikwe kabla, yahusu tukio lenyewe tu, na mhusika ayasome. Daini wakubwa wapimwe kwanza. Leja, hati za mapokezi na daftari la getini vikaguliwe kabla ya yote. Anayekataa kupimwa, msimwandike kwenye ripoti kama mtuhumiwa.