Umepangiwa ualimu wa sanaa? Nisikilize kwanza

Jumapili usiku nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, simu ikaingia ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Songea. "Shikamoo dada. Nimepangiwa kusomea ualimu, masomo yangu sanaa za ufundi na Kiswahili. Baba hajanisemesha tangu jana. Anasema hakunisomesha miaka 13 ili nikachore vikatuni. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeshindwa kukujibu kwa mistari miwili ndiyo maana naandika hapa.

Maneno ya baba yako nayajua. Mwaka nilioanza chuo, baba yangu mkubwa aliniuliza mbele ya shangazi zangu wote, sahani za pilau zikiwa mikononi: "Hivi Tingatinga alisoma chuo gani?" Watu wakacheka. Mimi niliinama nikaendelea kula, lakini pilau haikushuka. Baba mkubwa ameshatangulia mbele za haki na jibu sikuwahi kumpa. Nakupa wewe.

Ni kweli, Edward Saidi Tingatinga hakusomea sanaa popote. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya bodi. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu! Sasa kwa nini hadi leo wale ndege na chui wa madoadoa wametundikwa kila duka la watalii? Kwa sababu aliwaita ndugu zake na vijana wa nyumbani, akina Simon Mpata, akina Adeusi, akawakalisha chini akawafundisha. Asingefundisha, angezikwa na kazi yake. Kwa hiyo baba akikutajia Tingatinga, mwambie huyo alikuwa mwalimu.

Na kama anataka msomi, mtajie Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, akarudi kufundisha Makerere, na baada ya uhuru akatuwakilisha Uingereza kama balozi. Mtu wa brashi huyo.

Sasa tuje chuoni. Mwaka wa kwanza hauna mengi ya kusimulia: saikolojia ya elimu, misingi ya elimu, foleni ya kusaini bumu, yaani pesa ya mkopo. Kilichonivunja kilikuja semista ya pili, siku ya kutundika kazi ukutani. Kwa wiki tatu nilikuwa nachora picha ya bibi akipepeta mchele. Niliinakili kutoka kwenye picha ya simu, mkunjo kwa mkunjo, mpaka maua ya kanga. Nilikuwa na uhakika wa A. Mhadhiri mmoja, jina silitaji, akasimama mbele yake kama dakika nzima, kisha akauliza darasa: "Nani anauza kalenda hapa?" Akapita. Hakusema neno lingine.

Nililia bwenini mpaka macho yakavimba, na nilikaa mwezi mzima bila kushika penseli. Namna alivyosema sijaisamehe hadi leo, na sioni aibu kukiri. Mwalimu hapaswi kumvua mtu nguo mbele ya wenzake. Ila alichokiona kilikuwepo. Bibi yule sikuwa nimemtazama. Nilikuwa nimeitazama simu. Likizo ile nilirudi nyumbani nikakaa barazani na bibi mwenyewe, yeye na ungo wake, nikamchora asubuhi sita mfululizo. Hatulii! Ungo unapanda, kiwiko kinatoka, pumba zinaruka. Michoro mitano ilikuwa takataka. Wa sita ulikuwa na mstari mmoja tu wa mgongo ulioinama, na bibi alipouona akasema, "Huyu ni mimi nikiwa nimechoka." Mdogo wangu, chora kitu kilicho mbele yako. Kila siku. Usingoje zoezi la darasani, na usichore kutoka kwenye simu.

Nikaenda mazoezi ya kufundisha mwaka wa pili, shule ya kata, wanafunzi 87 kwenye chumba kimoja. Nilikuwa nimeandaa azimio la kazi zuri, na andalio la somo limepigwa mistari kwa rula: kuchanganya rangi za msingi, rangi za maji, brashi namba sita. Nikaenda kwa mkuu wa shule kuomba vifaa. Akacheka kwa upole tu, akanipa chaki za rangi boksi moja. Rangi nilizokuja nazo mwenyewe zilikuwa vidonge 12. Nilisimama mbele ya watoto 87 na vidonge 12, nikaishia kuwaandikisha nukuu za "maana ya rangi". Somo la sanaa, na watoto wanakopi ubaoni! Usiku ule nilijiona tapeli.

Kesho yake, kabla ya kengele, nilipita jikoni kwa mpishi wa shule nikaomba mkaa. Nyuma ya vyoo kulikuwa na kichuguu cha udongo mwekundu, nikachota debe. Tuliuponda, tukauchekecha kwa kipande cha kanga kuukuu, tukauloweka kwenye ndoo, tukautikisa, tukaacha mchanga utuame chini, kisha tukamimina maji mazito ya juu kwenye chombo kingine. Siku iliyofuata maji yalikuwa yamejitenga, chini umebaki ute laini kama siagi. Tukauchanganya na uji mwepesi wa unga wa muhogo ili ushike kwenye karatasi. Hiyo ndiyo rangi. Binzari ikatupa njano, mkaa uliosagwa ukatupa nyeusi. Brashi? Watoto wenyewe walikata vijiti vya mswaki wakavitafuna ncha. Walichora kwenye maboksi ya sabuni yaliyofunguliwa. Kijana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye kwa wiki mbili hakuwa amefungua mdomo, alichora mwewe akinyakua kifaranga, na kivuli cha mwewe akakiweka chini pale ambapo kinapaswa kuwa. Hakuna aliyemfundisha kivuli.

Mkaguzi wangu kutoka chuoni alinikuta siku ile nina matope mpaka viwikoni. Alinipa alama za juu kuliko wote kwenye kundi letu. Nasema hili kwa fahari, kwa sababu lilinitoka jasho.

Ndiyo maana nakusihi, usiende chuo ukahesabu vifaa. Nenda ukajifunze udongo wa kwenu, majani ya kwenu, moshi wa kwenu. Wenzangu waliojua rangi za dukani tu wamepangiwa shule za mbali, leo wanafundisha Kiswahili peke yake na sanaa wameiacha ifie mikononi mwao. Hiyo inaniuma. Na sasa hivi mtaala mpya wa 2023 umeweka Sanaa na Michezo kuwa somo shule za msingi. Somo likikosa mwalimu anayejua kushika mkaa, litakuwa jina kwenye ratiba, na kipindi chake atapewa wa hisabati amalizie mada zake. Usikubali! Simama ukidai kipindi chako, na ukikipata, kitumie mpaka kengele.

Kuhusu baba, usibishane naye. Mchore. Akiwa anatengeneza jembe, akisikiliza redio, akisinzia. Usimwonyeshe mpaka umefika mchoro wa sita.

Ukitoka Songea basi litapita Morogoro. Nina ubao wa kuchorea niliotumia miaka yote mitatu, kona moja imeliwa na panya lakini uso bado umenyooka. Nimeshaushusha juu ya kabati na kuufuta vumbi. Nitumie namba ya basi, nitakuletea stendi ya Msamvu.