Muulize Fundi wa Mtandao: Kamera za nyumbani na poti ya fundi

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi niko Dodoma kikazi ila nyumba iko Kinyerezi, anakaa mama na wadogo zangu. Nataka kufunga kamera nne, fundi aliyekuja kupima anasema ataziunga kwenye rauta yetu ya 4G halafu afungue poti ili nizione nikiwa huku. Nasikia kamera za watu zinadukuliwa. Nifanyeje, na ni lazima niingie gharama kubwa? — Dada wa Dodoma

JIBU: Salama dada. Kwanza mwambie huyo fundi poti asifungue. Kufungua poti, yaani kuacha mlango wa rauta wazi kwa watu wa nje, maana yake yeyote duniani anaweza kubisha hodi kwenye rekoda yako, na wanaobisha sio watu, ni programu zinazopita usiku kucha zikijaribu paswadi za kiwandani. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na rekoda kibao kwa njia hiyo hiyo, orodha yake ilikuwa na paswadi kama sitini tu, halafu tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn mpaka Twitter na Netflix zikagoma kufunguka kwa watu wengi Marekani. Wenye kamera wengi wala hawakujua, maana picha ziliendelea kuonekana kama kawaida.

Halafu kwa 4G hiyo poti yenyewe huenda isifanye kazi kabisa. Ingia kwenye rauta uangalie adresi ya upande wa intaneti, ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 ujue adresi ya nje mnashea na wateja wengine wa mtandao wenu, kwahiyo anayebisha kutoka nje hafiki kwako. Fundi atachukua hela yake na wewe Dodoma hutaona kitu.

Ningekuwa mimi ningenunua NVR (rekoda ya kamera za mtandao) yenye matundu ya PoE nyuma yake, yaani ya kebo ya mtandao inayobeba na umeme. Kebo moja inapeleka umeme na kurudisha picha, kamera zinachomekwa kwenye NVR moja kwa moja na yenyewe ndo inazigawia adresi zao, rauta hata haizijui kama zipo. Hapo kamera zimeshatengwa bila VLAN (kugawa mtandao mmoja vipande vipande) wala swichi ya bei mbaya (VLAN ningekushauri kama kamera zingekuwa kumi na kitu au ungekuwa na ofisi humo humo). Na kebo kagua mwenyewe, dai shaba tupu, maana kuna ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba inauzwa rahisi na kwenye safari ndefu ya kwenda getini umeme unafika umechoka, kamera inazima zima usiku taa zake zikiwaka. Isizidi mita 100.

Sasa NVR yenyewe. Ipe adresi ya kudumu, sehemu ya gateway (njia ya kwenda intaneti) acha wazi au weka adresi isiyo na kifaa, zima P2P (inayopitia seva za mtengenezaji) na UPnP (inayojifungulia poti yenyewe). Hapo haina njia ya kutoka nje. Wewe utaingiaje? Weka nyumbani Raspberry Pi (kikompyuta kidogo) au kompyuta yoyote ya zamani isiyozimwa, funga Tailscale (programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri) na uiruhusu ipitishe mtandao wa ndani, kisha weka Tailscale kwenye simu yako. Imejengwa juu ya WireGuard, teknolojia ya kuficha mawasiliano, na inaanzia ndani kwenda nje, ndo maana ile shida ya adresi ya kushea haiisumbui. Ukiwasha, simu yako inakuwa kama iko sebuleni kwa mama.

Hasara zipo. Zile meseji za "mtu ameonekana" zinazopitia seva za mtengenezaji hazitakuja tena, na saa ya NVR itaanza kuteleza kwahiyo iambie ichukue muda kutoka kwenye hiyo Pi, ukishaifunga iwe seva ya NTP, yaani ya kugawa saa sahihi. Mimi naona inalipa, saa isiyo sahihi kwenye video ndo itakuumiza siku ukienda nayo polisi.

Bando usiogope, kurekodi hakuli data. Kamera moja kwa megabiti 4 kwa sekunde inajaza kama GB 43 kwa siku, zote nne GB 172, diski ya TB 2 inakupa kama siku 11. Data inaliwa ukiangalia tu, chagua ile picha ndogo (ya ubora wa chini), ikiwa kilobiti 512 ni kama MB 230 kwa saa kwa kamera moja. NVR, Pi na rauta viweke kwenye UPS (betri ya akiba) moja, umeme ukikatika kamera nazo zinabaki hewani kwa sababu zinakula humo humo.

SWALI: Mimi niko Mombasa, nishanunua kamera za wifi. Nikiziweka kwenye wifi ya wageni inatosha? — Msomaji, Nyali

JIBU: Inasaidia nusu. Kompyuta zako hazitafikiwa, ila kamera bado zinaongea na nje zinavyotaka, na hata ukiwa nyumbani picha inaweza kuzungukia kwenye seva ya mtengenezaji ndo ikufikie. Badilisha paswadi, weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti, sasisha programu ya kamera, na ya chumbani itoe leo.