Re: Sabalenka kabadilika nini?

Mkuu umeuliza Sabalenka, yule dada wa tenisi, kabadilika nini wakati bado anapiga kwa nguvu zilezile. Mi naona ni utulivu. 2022 sevu, ule mpigo wa kuanzisha pointi, ilimkataa kabisa, ya kwanza nje, ya pili kwenye neti, pointi imeondoka hivihivi, ikabidi aijenge upya. Cheki fainali ya Australian Open 2023, seti ya kwanza kapoteza 4-6 kwa Rybakina, pointi ya kwanza ya ubingwa (ile ukishinda kombe lako) kakosea sevu zote mbili, yule wa zamani angepasuka palepale ila huyu katulia mpaka pointi ya nne ya ubingwa ndo kamaliza! Kama wavuvi wetu wa dagaa huku Kigoma, wanawasha taa, wanasubiri dagaa wajae ndo wanavuta wavu. Siku hizi anamsukuma mpinzani nyuma kabisa halafu anamdondoshea kampira kafupi mbele.