Re: Deus na theos, mbona mnasema hayana undugu?

Mkuu salama. Naona umekwama hapa: Kilatini "deus" na Kigiriki "theos" yote ni mungu, yanafanana kama pacha, halafu kamusi inakwambia hayahusiani. Hata mimi nilibisha sana nilipoanza.

Cha kwanza achana na sura ya neno, angalia sauti ya mwanzo inavyojirudia kwenye maneno mengine. Chukua karatasi uandike: kumi ni decem kwa Kilatini na deka kwa Kigiriki, mbili duo na dyo, nyumba domus na domos, yaani d inakaa na d. Sasa th ya Kigiriki mwanzoni mwa neno, Kilatini wanatoa f, mlango thyra na fores, halafu kuna fumus ya moshi na thymos (huyu Mgiriki kahamia kwenye roho na hasira huko). Kwa hiyo ndugu wa theos upande wa Kilatini lazima aanze na f, na kweli wapo, festus na fanum, mambo ya sikukuu na hekalu, mzizi *dheh₁s- wa lugha mama ya kale iliyozaa Kilatini, Kigiriki na Kisanskriti. Deus yeye ndugu zake ni deva (mungu) wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na, utacheka, Zeus mwenyewe, mkuu wa miungu ya Wagiriki, maana dy ya zamani Wagiriki waliifanya z, mzizi *dyeu-, anga la mchana.

Hiyo nyota mbele ya mzizi ina maana hakuna aliyewahi kuukuta umeandikwa popote, umejengwa kwa kulinganisha tu. Na kufanana bure kupo mkuu, Kiajemi "bad" ni mbaya, Kiingereza "bad" vilevile, na hawajuani kabisa.