Maswali na majibu: funguo za kwanta kwenye mkongo

Funguo za kwanta zitatukomeshea matapeli wa pesa za simu? (Ngamiani)

Hapana, na hili ni swali la tatu la aina hiyo mwezi huu. Funguo hizi ni tarakimu za siri za kufungia ujumbe, zinazopelekwa kwa chembe za mwanga. Ukishamtajia mtu namba yako ya siri, umemkabidhi pesa.

Shikamoo mwalimu. Wanajuaje kwamba ujumbe umechunguliwa? (Chumbageni)

Marahaba. Kinachosafiri ni ufunguo, ujumbe bado. Wanasayansi Bennett na Brassard walipendekeza mwaka 1984 fotoni, yaani chembe za mwanga, zipelekwe moja moja, kila moja katika mojawapo ya hali nne. Mdukuzi hawezi kuinakili fotoni, na akiipima vibaya anaivuruga. Akizinasa zote na kuzirusha upya, robo ya tarakimu huharibika. Pande mbili hulinganisha sampuli. Makosa yakizidi takriban 11 kwa mia, ufunguo wote hutupwa.

Mimi fundi wa faiba. Tanga hadi Dar, kilomita kama 350, si tuweke amplifaya njiani? (Muheza)

Amplifaya huzidisha mwanga, na fotoni hii ukiizidisha umeiharibu. Piga hesabu: faiba nzuri hupoteza desibeli 0.2 kwa kilomita. Kilomita 350 ni desibeli 70, yaani katika fotoni milioni 10 inafika 1. Bagamoyo hadi Dar, kilomita kama 65, inafika 1 katika 20. Wachina, kwenye njia yao ya Beijing hadi Shanghai ya mwaka 2017, kilomita kama 2,000, walilazimika kuweka vituo 32, na ndani ya kila kituo ufunguo huwa wazi. Sisi tungeweka kituo Segera, pengine na Chalinze. Nani atavilinda? Nimewahi kufika kwenye kibanda cha mitambo nikakuta dirisha limefungwa kwa waya wa nondo na ufunguo wa kufuli uko chini ya tofali. Nilitoka pale naumwa roho.

Muuzaji anasema kifaa chake hakidukuliki. (Bagamoyo)

Mwambie mwaka 2010 watafiti walivipofusha vipokezi vya vifaa vya dukani kwa mwanga mkali, wakapata ufunguo wote bila kuacha alama. Kisha muulize pande mbili zinatambuanaje kabla ya kuanza. Akibabaika, mwage.

Jembe likikata mkongo? (Pongwe)

Ufunguo haufiki. Fukieni nyaya chini zaidi.

SACCOS yetu inunue? (Korogwe)

Msinunue. Agosti 2024 Marekani, kupitia NIST, taasisi yake ya viwango, ilitoa viwango vya usimbaji (kuficha ujumbe kwa hesabu) vya kuhimili kompyuta za kwanta, navyo huingia kama programu kwenye nyaya mlizo nazo. Mbaneni anayewatengenezea mfumo aseme lini atavitumia. Na ile karatasi ya nywila iliyobandikwa kwenye kompyuta ya keshia, ibandueni leo.